Kilio Kilichotumwa kwa Posta

Bergen, Norwe
7 Februari 1993

Kwako Mjomba Alfayo,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na redio za watu wa Nyamira zikiwa bado mbovu ili upate kula. Mimi sijambo. Mvua ya huku si kama yetu ya saa tisa alasiri, inayopiga, ikamaliza, ikaenda zake. Hii inanyesha kama mgeni aliyesahau alichokuja kusema. Msalimie mama huko Birongo. Mwambie ninakula vizuri. Usimwambie kuwa ni samaki kila siku, atadhani nimehamia ziwani.

Naandika Kiswahili kama tulivyopatana. Mama anasoma Biblia yake ya Ekegusii bila miwani, na barua yoyote ya Ekegusii ikianguka kutoka mfukoni mwako ataimaliza kabla hujainama kuiokota. Wewe mfasirie yale yanayofaa.

Ndani ya bahasha kuna kaseti. Chini ya chumba changu anaishi kijana aitwaye Torstein, mpiga gitaa na mwimbaji. Yeye na wenzake wawili wanapiga muziki ambao kwa lugha yetu ningeuita chuma cheusi. Dada yake, Ingrid, ndiye aliyenikaribisha chai siku ya kwanza nilipokwenda kulalamika kuhusu kelele. Nilikwenda kulalamika, nikabaki kusikiliza. Sasa nasikiliza kila siku na sijui nimepatwa na nini.

Isikilize peke yako, kwa sikio lako la fundi, kisha uniambie unasikia nini. Mama asiisikie.

Mpwa wako,
Machogu


Nyamira
10 Machi 1993

Mpwa wangu Machogu,

Hapa tupo, tunasukuma. Mama yako alikuja juzi na mkungu wa ndizi, akakaa, akanisema kwa kutooa tena, akarudi Birongo akiwa na furaha. Kahawa yake imechanua. Paa la esaiga yako, kile kijumba chako cha ujana, lilikuwa linavuja upande wa mlango, amelitengeneza. Anasema kijana hawezi kurudi kutoka ulaya akalowa ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Kuhusu kaseti. Niliitia kwenye redio, nikasikia mtu anaungua. Nikaitoa, nikasafisha kichwa kwa spiriti. Nikaitia tena, mtu bado anaungua. Nikabadilisha mkanda wa mota, nikalegeza skrubu, nikakaza skrubu, nikahamia redio ya mteja, Mungu anisamehe, nayo ikaanza kuungua vilevile. Mwisho niliweka kaseti ya kwaya, ikaimba kama malaika waliolipwa. Ndipo nikajua mgonjwa si redio.

Nyaboke anayeuza ndizi hapo barazani aliniita, "Alfayo, unachinja nini humo ndani?"

"Ni Wazungu," nikamwambia.

"Basi wamalizie, wasiteseke."

Sasa niambie. Wewe ulikuwa mwalimu wa kwaya. Wewe ndiye uliyemtoa jirani yenu Nyangau kwenye besi, mtu mzima mwenye watoto, mbele ya kanisa zima, kwa sababu alikuwa akiimba nusu noti juu ya wenzake. Mpaka leo akimwona mama yako anatazama pembeni. Leo nusu noti hiyohiyo unaniletea kwa stempu ya ndege? Hawa wazungu wako wote wanaimba kama Nyangau, ila kwa bidii zaidi.

Nimekusikiliza kwa heshima. Upande wa pili bado sijaujaribu. Unakwisha lini huo uhandisi wako wa mitambo? Barua nzima hujataja darasa.

Mjomba wako,
Alfayo


Bergen
4 Aprili 1993

Mjomba,

Nimecheka mpaka Ingrid akaja kuuliza kuna nini. Nilimfasiria habari za Nyaboke, naye akacheka. Afya yangu njema, theluji inakwisha. Ahsante kwa habari ya paa.

Umeniuliza swali la haki, acha nijaribu. Unakumbuka mazishi ya baba. Kwaya iliimba sauti nne, safi kabisa. Mchungaji akasema tusilie kama watu wasio na tumaini. Mama alipofungua kinywa pale kaburini, wake za wazee wa kanisa walimzunguka na shuka, wakamminya kwa upendo, na kile kilichokuwa kinatoka kikarudi ndani. Kila mtu alisema mazishi ya Ogari yalikuwa mazuri. Kweli yalikuwa mazuri. Hakuna aliyekosea noti.

Huku mara ya kwanza niliposikia kina Torstein nilitaka kutoka. Wanapiga fa, na juu yake wanapiga fe, ile nusu noti ya Nyangau, kwa pamoja, na hawazitenganishi. Kwenye kwaya ningesimamisha wimbo. Mimi nilikaa nikingoja zipatane, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa, kwamba mwishoni lazima turudi kwa do, tukae chini, tufunge vitabu. Hazikupatana. Noti mbili zilikaa bega kwa bega kama majirani wanaogombea mpaka, na hakuna mzee aliyeitwa. Halafu Torstein akapiga yowe, na hakuna aliyemfunika shuka.

Torstein huregeza nyuzi makusudi, na hurekodi kwa mashine ambayo wewe ungeikataa kuitengeneza. Anasema sauti safi inadanganya. Wengine wao ni wapumbavu, Mjomba, sitakuficha: kuna vijana wa muziki huu ambao wamechoma makanisa ya mbao huku. Torstein si mmoja wao. Yeye anaogopa hata mama yake. Mimi sipendi kiburi chao wala mavazi yao. Napenda kwamba kuna mahali ambapo jambo baya linasikika baya.

Kozi inaendelea.

Machogu


Nyamira
16 Mei 1993

Mpwa wangu,

Hatujambo. Mvua ni nyingi, mahindi yako kwenye goti. "Kozi inaendelea" ni maneno mawili. Nimeyafasiri kwa mama yako kama kurasa mbili, ameridhika.

Jambo limetokea, na ulinikataza lisitokee. Nilikuwa nasikiliza upande wa pili. Pale ngoma zinaponyamaza na kubaki uzi mmoja mnene unaonguruma, niliinua kichwa nikamwona mama yako mlangoni, kikapu mkononi. Sijui alikuwa amesimama kwa muda gani.

"Ni nani huyo?" akauliza.

"Ni mambo ya watoto. Nazima."

"Usizime."

Akakaa kwenye kile kiti kibovu. Uzi ukanguruma. Machogu, wewe hukumjua babu yako, baba yetu sisi wawili. Alipiga obokano, ile kubwa yenye nyuzi nane, ambayo sauti yake haitoki kinywani mwa chombo bali inapanda kutoka ardhini ikipitia matakoni mwako. Alipobatizwa aliambiwa aitundike, akaitundika juu ya jiko mpaka ikaliwa na moshi. Dada yangu alikuwa mdogo. Akasema, "Huyu ni tata," yaani baba. Baadaye yule mzungu wako akapiga yowe, na dada yangu hakuruka. Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikia ushahidi mahakamani, na ushahidi ni wa kweli.

"Anamlilia nani?"

"Sijui. Machogu anasema hamlilii mtu."

"Machogu ni mtoto. Huyu anamlilia mtu."

Akaichukua kaseti, akachukua na ile redio yangu ndogo ya betri. Kumnyang'anya shemasi wa Sabato kitu ni kazi ngumu.

Sasa sikiliza yaliyofuata. Jumanne moja, saa nane mchana, watu wote wakiwa kwenye majani chai, akaiwasha mlangoni akimenya ndizi. Akafungua sauti mpaka mwisho kwa sababu sikio lake la kushoto limechoka. Unajua kwetu yowe likitoka kwenye boma hakuna anayeuliza. Watu waliacha vikapu shambani wakakimbia. Wanawake walipitia nyumbani kuchukua sukari na majani ya chai. Nyangau alikuja na panga na kamba, tayari kukata miti ya hema. Wakamkuta mama yako peke yake, ndizi mapajani.

"Ni nani amekufa, Gesare?"

"Hakuna."

"Na kilio hiki?"

"Ni Machogu ametuma."

"Machogu amekufa?"

"Nimesema ametuma kilio. Kimekuja kwa posta."

Wakatazamana. Kisha Nyaboke, ambaye alikuwa amekuja kununua ndizi kwake, akaangua kicheko, na wote wakacheka isipokuwa Nyangau. Wakapika chai, maana nani atabeba sukari ya msiba kuirudisha nyumbani? Nyangau hakunywa. Alikunja kamba yake akaondoka. Nakuandikia hili nikicheka mwenyewe hapa.

Alfayo


Bergen
20 Juni 1993

Mjomba,

Tumecheka huku mpaka machozi. Torstein ameniomba nimfasirie mara mbili. Anasema ana wasikilizaji mia mbili duniani na bora wao ni shemasi wa Kisabato wa Birongo. Amesema atamtumia kaseti mpya wakimaliza kuirekodi. Ingrid anamsalimu mama, ingawa hamjui.

Nilikaa nikifikiri alivyosema, kwamba yule mtu anamlilia mtu. Nilimwuliza Torstein. Akasema kaka yake alizama baharini akiwa na miaka tisa. Miezi yote hii sikujua. Mama amejua kwa kusikiliza mara moja.

Uliniuliza kozi inakwisha lini. Kozi imeongezwa kidogo. Nitakujulisha.

Hapa usiku hauna giza siku hizi, mtu halali sawasawa, na kuna makelele mengine ndani ya nyumba. Salamu kwa wote.

Machogu


Nyamira
11 Julai 1993

Machogu,

Natumaini u mzima. Mimi ni mzima wa mwili. Barua hii usimfasirie Torstein.

Mtoto wa Nyangau, Ondieki, yule wa darasa la sita, amefariki. Malaria ya vilimani. Imechukua watoto wengi mwaka huu, hata huku kwetu Nyamira. Lakini watoto wengine walikufa kwanza, kisha wakaliliwa. Ondieki, kwa hesabu ya Nyangau, alililiwa kwanza.

Alisema hivyo kaburini, mbele ya mchungaji. Nilikuwepo. Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza. Alisema, "Tulikwenda kwa Gesare na sukari wakati maiti haijapatikana. Tuliuliza ni nani amekufa. Alisema kilio kimetumwa. Sasa tumejua kimetumwa kwa nani."

Unaona walivyolibeba neno lake. Alisema umetuma kilio. Wao sasa wanasema yeye ndiye aliyetuma. Nilisimama nikaeleza habari ya kaseti, ya Norwe, ya posta. Nilieleza kama fundi, kuanzia betri. Mzee mmoja aliniuliza kwa upole, "Na huyo anayelia ndani ya kaseti, ni mtu aliye hai?" Nikasema ndiyo. "Umemwona?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi."

Kina mama walewale waliokunywa chai wameacha kuchuma majani kwenye mstari ulio karibu na wake. Kanisa limempumzisha ushemasi, "mpaka mambo yatulie". Na Machogu, ng'ambo ya mto, mwezi uliopita, walimtoa bibi mmoja nyumbani kwake wakamwita omorogi, mchawi. Sitakuandikia waliyomfanyia. Nyumba yake ilikuwa ya nyasi. Waliofanya ni watu ninaowatengenezea redio.

Nimemwambia dada yangu aje kwangu Nyamira. Amekataa. Haya ndiyo maneno yake, nimeyafasiri kama yalivyo: "Nikitoka nimekubali. Na Machogu akirudi atakuta nini?" Kila Ijumaa bado anafagia esaiga yako na kuipaka samadi mpya sakafuni.

Yeye hanisikilizi mimi, mimi ni kaka tu. Boma ni lako tangu Ogari alipolala. Neno lako ndilo litakalomtoa. Niandikie upesi.

Alfayo


Bergen
8 Agosti 1993

Mpendwa Mjomba,

Nimeipata barua yako na nimeisoma mara nyingi. Poleni sana kwa Ondieki. Nilimfundisha shule ya Sabato.

Nadhani tusiwe na haraka. Watu wetu wana maneno, lakini mama amekaa pale miaka thelathini. Mwende kwa chifu. Mchungaji aseme nao. Kaseti aitupe chooni, mambo yaishe. Niko tayari kumwandikia mchungaji kumweleza muziki huu ni nini, maana nadhani wakiuelewa hawataogopa. Ningewaambia kwamba sikio la mwanadamu limezoea kupewa mwisho, na kwamba anayekataa kutoa mwisho si lazima awe adui. Kwamba kuna aina ya ukweli ambayo haiingii katika sauti nne. Kina Torstein sasa wana wimbo wa dakika ishirini usio na ngoma kabisa, ni nyuzi tu zinazogombana, na katikati kuna kimya ambacho mtu unakiogopa kuliko yowe lenyewe. Nilikisikiliza jana, nikamfikiria mama pale kaburini na shuka ile. Natamani ungesikia.

Kuhusu kurudi, mwambie labda Krismasi.

Wako,
Machogu


Nyamira
29 Agosti 1993

Machogu,

Sitakuuliza hali.

Naibu wa chifu alikuja, akanywa chai, akamshauri mama yako aombe. Mchungaji alisema nao, na nusu yao ndio aliowabatiza yeye. Kaseti nilimwambia aitupe. Alisema, "Alfayo, nilimzika mume nikiwa nimezibwa mdomo. Huyu ndiye wa kwanza kulia pamoja nami. Siwezi kumtia chooni." Anaisikiliza sasa kwa sauti ndogo, mlango umefungwa, na hilo ni baya zaidi, maana wapitao njiani wanasikia kitu kinanong'ona.

Umeniandikia ukurasa mzima juu ya nyuzi zinazogombana na mstari mmoja juu ya mama yako. Nami niliufasiri huo mstari mmoja, kosa langu. Unajua "labda Krismasi" imefanya nini? Amenunua chokaa. Anapaka kuta za esaiga yako kwa nje ili ionekane kutoka barabarani. Wakati watu wanatafuta njia ya kumkuta peke yake, yeye amesimama juu ya kigoda anapaka chokaa. Nilimwambia, "Dada, shuka." Akaniambia, "Mtoto wangu anarudi, wewe hujui furaha."

Sasa nitasema kitu, na ukitaka ukasirike. Mimi sikusoma sana. Kiswahili hiki nilikiokota Mombasa nikiwa askari wa jela, na huko nilijifunza kusikiliza mtu anachoruka. Barua zako zinamtaja Ingrid, na kila mara yuko nyumbani. Hazitaji mwalimu, wala mtihani, wala mwanafunzi mwenzako hata mmoja. Mwezi wa Juni kulikuwa na makelele ndani ya nyumba. Gitaa hujawahi kuliita makelele tangu Februari. Machogu, mwipwa, mtoto huyo ni wa kike au wa kiume?

Hurudi. Wewe unajua, mimi najua. Asiyejua ni yule anayekulindia nyumba. Hazuiliwi na Nyangau. Unamzuia wewe.

Mwandikie sentensi moja. Isiwe Kiswahili, na isipitie kinywani mwangu, maana nikimwambia mimi atasema nimeibuni ili nimpate anipikie. Andika Ekegusii, kwa mkono wako anaoujua, uanze na "Baba" kama tunavyowaita mama zetu, umwambie hurudi. Siku hiyohiyo ataondoka, kwa sababu hatakuwa na kitu cha kulinda. Usitie neno labda.

Ninajua unachoogopa. Unaogopa kwamba atalia. Si wewe uliyeniambia uzuri wa muziki wako ni kwamba hakuna anayemfunika mtu shuka?

Alfayo


Bergen
19 Septemba 1993

Mjomba,

Ni wa kiume. Alizaliwa Aprili. Masomo niliacha mwaka jana kabla ya Krismasi, nafanya kazi kiwanda cha samaki.

Ndani kuna bahasha ndogo iliyofungwa. Mpe mama mkononi. Nimeiandika mara saba.

Tafadhali usikawie.

Machogu


Nyamira
24 Oktoba 1993

Kwako Machogu,

Mama yako yu hai. Naanza na hilo ili usome mengine ukiwa umekaa.

Barua yako ilifika tarehe nane, Ijumaa. Nilifunga kibanda, nikaenda Birongo siku hiyohiyo. Nilimkuta anatoka kwenye esaiga yako na ndoo ya samadi, mikono imejaa. Alipoona mwandiko wako alinawa, akajifuta kwa kanga, akakaa kizingitini kwako. Alisoma kwa kidole, kama anavyosoma Biblia. Alipofika mwisho akarudi mwanzo. Mimi nilisimama kwenye migomba nikijifanya natazama mkungu.

"Amemwita mtoto Ogari," akasema.

"Hilo sikulijua," nikamwambia, na ni kweli.

"Mtoto ana jina la mume wangu na hajui njia ya kwenda kaburini kwake."

Nilingoja. Nilikuwa nimejiandaa, Machogu. Nilijiambia safari hii akifungua kinywa sitaweka mkono, hata kama Birongo nzima itakuja na mapanga. Hakukifungua. Aliikunja barua, akaingia ndani, akamaliza kupaka ule upande wa sakafu uliobaki, akafunga mlango. Akachukua Biblia, nguo mbili na sufuria. Nilimwuliza habari ya redio na kaseti. Akasema, "Hivyo ni vyake. Viache nyumbani kwake."

Tuliondoka mchana, kupitia kituo cha kununulia majani chai, watu wakiwa kwenye foleni na vikapu vyao. Walitupisha njia vizuri sana. Mmoja alitusalimu. Nyangau alikuwepo. Alitazama lile sufuria kichwani mwa mama yako, na safari hii hakutazama pembeni. Nilifikiri atasema neno. Alivua kofia. Sijui kwa nini alivua kofia, na sijamwuliza.

Alhamisi iliyofuata walichoma. Nyumba ya mama yako, jiko, na esaiga yako yenye chokaa mpya. Naambiwa Nyangau hakuwamo, na naambiwa yeye ndiye aliyekuwa mbele. Nimeambiwa yote mawili na watu waliokuwa wamesimama pamoja. Ndizi za migomba iliyo karibu ziliiva siku moja kwa joto la moto. Kaburi la baba yako halikuguswa. Nilikwenda kuangalia.

Natwarlal, yule mwenye duka la vipuri Kisii, amenipa godoro ambalo wafanyakazi wake hawakulitaka. Mama yako analala chumba changu, mimi nalala kibandani na redio za watu. Anakula. Anafagia. Anakwenda sokoni kununua mboga, anarudi. Sabato anakwenda kanisa la hapa, anakaa nyuma, na kwaya ikianza anainama kufunga kamba za viatu. Viatu vyake havina kamba.

Utaniuliza, najua, kama alilia. Hajalia. Nimekaa naye wiki mbili nikisikiliza, nami ni mtu wa kusikiliza. Wewe utajua kukieleza kimya hicho kuliko mimi. Mimi nimekisikia tu, na naomba nisikisikie tena.

Usitume kaseti ile mpya. Usitume pia picha ya mtoto kwa sasa. Na barua za Ekegusii usiandike. Iliyokuja tarehe ishirini aliitambua kwa mwandiko kabla sijaipokea, akamrudishia tarishi, akamwambia hapa hakuna mtu wa jina hilo.

Jana mteja alileta redio, mama mmoja mcheshi kutoka Keroka. Akakaa barazani karibu na dada yangu wakimenya njugu, wakaongea bei ya sukari, wakaongea miguu. Kisha yule mama akauliza, kama watu wanavyouliza, "Na wewe Mungu amekupa wangapi?"

Dada yangu akatupa maganda.

"Hakunipa," akasema.

Mimi nilikuwa nachomelea waya. Nikaendelea kuchomelea.

Kwa hiyo nimefika mwisho wa barua na sijui niandike kwamba mimi ni nani wako.

Alfayo